Pikapu ya Stima ya Baba Gatimu

Nderitu, ambaye sisi humwita Baba Gatimu, amebeba maziwa ya kwetu Tetu, kwenye vilima, tangu ujana wake. Hajawahi kumwacha mama na mtungi wake kando ya barabara. Alipouza pikapu ya petroli na kununua ya stima, tulimwombea kanisani. Muuzaji wa Nyeri mjini, kijana anayeitwa Peterson, alikuwa amemwahidi kwamba chaji moja ingebeba maziwa siku mbili.

Ahadi hiyo haikuwa imejaribiwa, maana alichaji kila usiku. Kisha usiku mmoja stima ikapotea hadi asubuhi.

"Msijali," akatuambia. "Si walisema siku mbili?"

Mimi na Wacera, jirani yangu, tulipanda naye. Kiwanda kinachonunua maziwa yetu kilikuwa kimeyakataa mara moja kwa kuharibika, kikatuonya kwamba yakija mabaya tena, hakitanunua tena maziwa ya upande wetu wote. Ndiyo sababu kikundi chetu cha wafugaji kilitutuma tuyasindikize.

Tulipomaliza kukusanya mitungi, jua lilikuwa limewaka. Kila kilima tulichopanda, namba ya betri ilishuka.

"Baba Gatimu, hiyo namba mbona inakimbia?" Wacera akauliza.

"Nyamaza kidogo, mama."

"Ati ninyamaze? Maziwa yangu yako hapo nyuma!"

Kwenye mteremko alitoa gia, gari likateleza lenyewe. Madereva wetu wa maziwa wamefanya hivyo miaka yote, kuokoa petroli. Lakini juu ya kilima kilichofuata taa nyekundu ikawaka. Akasimama, akampigia Peterson, sote tukisikia.

"Mzee, hizo siku mbili zilipimwa kwa barabara tambarare, bila mzigo."

"Tambarare ya wapi? Si ulijua natoka Tetu?"

Peterson akakohoa. "Na ukiteremka unafanya nini?"

"Natoa gia, kama siku zote."

"Usitoe! Likishuka kwa gia linajirudishia chaji."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

Hakumtukana. Alikata simu, akafumba macho kidogo, nikajua anaomba. Tukateremka kwa gia. Namba ikapanda, polepole sana. Wacera alipitisha mkono dirishani nyuma akagusa mtungi, kisha akanitazama. Ulikuwa umeanza kupata joto.

Kiwanda kilikuwa juu ya kilima cha mwisho. Paa lake tuliliona vizuri. Katikati ya kilima gari likapunguza mwendo kama ng'ombe aliyechoka, likasimama.

"Shukeni," akasema.

Tulifunga mitungi kwa kamba, tukapitisha ukanda kwenye paji la uso kama tunavyobeba kuni, tukapanda tumeinama. Baba Gatimu aliweka wake begani. Huseni, mlinzi wa lango, alipotuona aliteremka mbio kusaidia. Tulirudi tena na tena hadi gari likabaki tupu.

Mpimaji alifungua mtungi mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimeshika kitambaa changu cha kichwa kwa mikono miwili.

"Ni mazuri," akasema mwishowe. "Lakini mmeponea chupuchupu."

Wacera aliketi chini palepale, akalia.

Wafanyakazi walisukuma gari hadi langoni, Huseni akatoa waya kwenye kibanda chake. Lilikuwa bado linachaji Peterson alipopiga simu. Alitaka kujua kama tulifika, awaambie wateja wengine kwamba gari linafika.

"Waambie tulifika," Baba Gatimu akamjibu, akijipangusa shingo. "Na uwaambie tulifikaje."