Shingo ya Gitaa la Mjomba

Hivi wewe umewahi kumnyang'anya mtu nafasi yake kwa sababu mkono wake umechoka? Kiongozi wa bendi alikuwa tayari kumfanyia hivyo mjomba wangu, na mimi, niliyetoka chuo na hasira zangu zote, nilikuwa tayari kumvaa.

Mjomba ni seremala. Mchana hutengeneza milango na vitanda. Jioni, mara tatu kwa wiki, hupiga gitaa la solo katika ukumbi ulio nyuma ya kituo cha mafuta. Gitaa hilo la umeme analo kwa miaka kumi na tisa, na sidhani limewahi kumaliza mwezi mzima bila kurekebishwa. Alianza kwa kuhamisha kitufe cha sauti, maana kidole chake kidogo kilikuwa kikikigonga katikati ya wimbo. Kisha akachonga kona iliyokuwa ikimchoma mbavuni. Kisha akang'oa sumaku zinazonasa mlio wa nyuzi, akafunga nyingine alizozitoa kwenye gitaa lililovunjika, kwa sababu zile za mwanzo zililia kama bati. Mkewe husema ana watoto wanne, mume wake akiwemo, na ni watatu tu waliokwisha kukua.

Mwaka huu aliigeukia shingo, pale mkono wa kushoto unaposhika. Vidole vilikuwa vinakaza katikati ya solo, naye akaamini shingo ni nene. Kila asubuhi kabla wateja hawajafika aliibana kwenye jiliwa ya mezani, akaisugua kwa msasa, akaikamata, akaridhika. Jioni vidole vikakaza tena. Asubuhi, msasa tena. Nami nikamtia moyo. Nilimwambia msanii hana sababu ya kukubali kitu kama kilivyotoka kiwandani. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo.

Ijumaa alikwama kwenye solo mbili. Kiongozi akamwambia mbele ya wenzake kwamba Jumapili akikwama tena akatikise manyanga, solo atapewa mwingine. Kwa mjomba, hiyo ni sawa na kuambiwa akakae mlangoni akate tiketi.

Kesho yake jioni nilimkuta nyumbani, gitaa mapajani, anafumba na kufumbua mkono. Nilimweleza nitakavyokwenda kwa kiongozi kumsomea haki za mfanyakazi. Hakunisikia.

"Bado nene," alisema. "Kesho naipunguza."

Mkewe alikuwa anakunja nguo, wala hakuinua uso.

"Ukipunguza tena utafika kwenye chuma cha ndani. Utapiga solo kwa nondo?"

"Mke wangu, gitaa niachie mimi."

"Nimekuachia. Ila baba, unaipima kwa mkono wa asubuhi, unaipiga kwa mkono wa jioni. Kutwa umekamata randa, mkono umevimba, unataka kitu cha kuujaza. Wewe unaupa ufito."

Mjomba aliinamia gitaa. Akaikamata shingo, akaiachia, akaikamata tena. Akasimama, akatoka uani, akarudi, akaketi, akatoka tena. Aliponitazama nilitamani niwe nimevaa viatu tayari, maana zile kelele zangu za usanii zilikuwa zimemsaidia kupotea.

"Miezi saba," alisema, "naikondesha kwa mkono wangu mwenyewe."

Asubuhi iliyofuata, siku ambayo karakana hufungwa, nilisikia randa tangu barabarani. Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa anaranda ubao mpana, maranda yamemfika vifundoni, shati limelowa mgongoni. Shingo ya gitaa ilikuwa kwenye jiliwa, imelazwa juu yake kipande chembamba cha mbao kisichogundishwa bado, na kopo la gundi limefunguliwa kando. Gundi ile huhitaji nusu siku kukauka, na bendi ingeanza magharibi.

Nikamuuliza ubao ni wa nani.

"Hauna mwenyewe," alisema. "Nauchokesha mkono, uwe wa jioni."

Akaweka randa chini, akaja, akaizungushia shingo vidole vya kushoto pamoja na kile kipande cha mbao, akafumba macho. Alikaa hivyo kitambo. Halafu akatikisa kichwa.

"Bado una nguvu," alisema, akarudi mbio kwenye ubao.