Jembe la Mwanangu Lilivunjika, na Anayejua Sababu ni Mimi

Mhariri, jina langu lifiche, lakini maneno yangu usiyapunguze. Umri wangu ni miaka sabini na kitu. Hicho kitu hakuna aliye hai anayekijua. Nimeishi kupita sotoka iliyomaliza ng'ombe wa baba, kupita Mjerumani, kupita vita mbili na wahunzi wote wa rika langu. Kusoma nimejifunza uzeeni kwa katekista, herufi moja moja, kwa hiyo mtanivumilia. Lakini kwa moto na nyundo, Karagwe nzima humpati mwenzangu. Nendeni Chonyonyo, nendeni mpaka Isingiro, waulizeni wanaolimia majembe yangu.

Nina mtoto wa kiume mmoja aliyebaki. Nilimpeleka Uganda, shule ya ufundi, asomee mashine. Nilitaka injini, pampu, magari. Nilitaka akipita watu waseme, yule ni mtoto wa mhunzi, sasa anaamrisha vyuma vinavyotembea vyenyewe. Mwaka wake wa mwisho akaja likizo. Badala ya kunipa habari za injini, alikaa kwenye migomba siku tatu anamtazama mama yake anavyopalilia. Karatasi mkononi. Anapima mpini, anapima mkono wa mama, anapima kutoka kiunoni mpaka chini.

Mama yake akamwambia, "Weye, unanipimia jeneza?" Wakacheka wawili hao. Mimi sikucheka.

Akanijia akasema, "Taata, injini nazipenda, lakini nimeona kazi nyingine. Wako watu kazi yao ni kubuni chombo. Unamtazama anayekitumia, unajua kinamwumiza wapi, unakichora upya, ndipo kinatengenezwa. Mama anainama tangu hajanizaa. Kinachomwinamisha ni jembe."

"Jembe hilo nimelifua mimi."

"Najua, Taata."

"Na babu yako alifua la namna hiyo hiyo."

"Najua. Wala hakuna aliyemwuliza mama."

Basi akachora jembe lenye bapa jembamba na shingo ndefu iliyopinda, mtu apalilie amesimama wima. Kwanza akalichonga la mti. Mama yake akalijaribu, akalirudisha mara nne, kila mara anasema hapa linanivuta bega, hapa bado, mpaka likamkaa. Ndipo likaja kwangu nilifue kwa chuma cha springi ya lori. "Hakuna mkono kama wako, Taata." Ni kweli, hakuna. Nikalifua vizuri, nasema ukweli, lilikuwa zuri kuliko yote niliyowahi kufua, na halikuwa langu. Hapo kitu kikanikaa kifuani.

Chuma cha namna ile ukikizamisha majini kikiwa chekundu kinakuwa kigumu, lakini kinavunjika kama chungu. Lazima ukirudishe motoni kidogo, kilegee. Kila mhunzi anajua hilo. Mimi nililizamisha, nikaliacha hivyo hivyo. Nikalisugua likang'aa, nikampa.

Siku ya soko Nyakahanga, Bwana Shamba akaja kulitazama. Watu wakajaa. Mke wangu ndiye aliyelima. Akapiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, amesimama kama mti, na wanawake wakaanza kupiga vigelegele. Mmoja akapaza sauti, "Bibi, leo umekuwa askari wa gwaride!" Mara ya nne likagonga jiwe, shingo ikakatika.

"Jembe la karatasi hilo!" mwanamume mmoja akasema. "Lirudishe kwa mwalimu wako alifute!" Watu wakacheka sana. Bwana Shamba akafunga daftari lake.

Mwanangu akaokota vile vipande, akatazama pale palipokatika, akatazama muda mrefu. Akanijia polepole. "Taata, ulilirudisha motoni?"

"Unanifundisha moto, mimi?"

"Hapana, Taata. Nisamehe. Basi kosa ni la hesabu zangu."

Akarudi akamaliza na injini zake. Sasa anatengeneza pampu kwenye machimbo ya bati huko Kyerwa, na watu wananiheshimu kwa ajili yake. Nilichotaka nimekipata. Chakula nakula, kinashuka. Namwona mke wangu ameinama kwenye migomba, namwona kama ninavyoona kichuguu. Mkiniuliza kama inaniuma nitasema hapana, na sitakuwa nimewadanganya.

Ila kila akija, baada ya shikamoo anatoa karatasi. "Taata, nimepiga tena hesabu ya ile shingo. Kosa silioni." Mwezi uliopita alikuja na barua. Mwalimu wake wa zamani amepata kazi mahali wanapobuni vyombo vya wakulima, anamtaka naye. Aende na mchoro wa lile jembe, aeleze kwa nini lilivunjika. Mwanangu ananiambia, "Nitakataa, Taata. Asiyejua kosa lake atawachoreaje watu vyombo?" Jibu linatakiwa kabla kahawa haijaisha kuchumwa.

Nikisema, ataniacha, na gombolola nzima, kijiji kwa kijiji, itajua kwamba mhunzi wao aliua chuma kwa makusudi. Nikinyamaza, atabaki na pampu, na ataendelea kuja na karatasi zake. Mara mbili nimefungua mdomo nimwambie, nikajikuta namwuliza habari za pampu. Nishaurini, ninyi mnaosoma ukurasa huu, nimwambie au nife nalo?

Shahidi wa maneno haya ninaye mmoja, mke wangu. Siku zote nilidhani hajui. Lakini mimi siwezi kuandika bila kutamka, na leo alikuwa hapa anamenya ndizi, akayasikia yote. Hakuinua kichwa. Akasema, "Andika pia kwamba maji ya kuzimia chuma nilikuletea mimi, na niliona hukulirudisha motoni."

Nikamwuliza, "Sasa mbona ulienda nalo sokoni? Mbona hukumwambia mtoto?"

Akasema, "Nilikuwa nakungoja wewe."