Ndizi Kwenye Sanduku la Chembe

Mama akiulizwa kanisani binti yake anafanya kazi gani, alikuwa akijibu, "Bado anasoma." Nina mvi kichwani, wanafunzi wangu wengine chuoni wana wajukuu, eti bado nasoma! Iliniuma, sitaficha. Nilitaka siku moja tu akiri kwa mdomo wake kwamba nina kazi.

Kazi yenyewe ni kuunda vyombo vya kuhesabu chembe ndogo mno zinazoshuka kutoka angani. Juu mlimani ni nyingi kuliko mjini, ndiyo maana nikaomba stoo ya kahawa nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Meru. Fundi wa Ngaramtoni alinichongea sanduku kubwa la mbao la kuwekea chombo, nikalipaka rangi nyeusi, nikaziba kila upenyo, maana mwanga ukiingia chombo kinapagawa na kuhesabu hovyo. Nikamwambia mama asiliguse. Akasema, "Nimesikia." Ningejua!

Jumatatu moja nikakuta hesabu imepanda mara kumi. Jamani! Niliruka nikagonga kichwa kwenye boriti. Nikampigia simu mkuu wangu wa idara, nikapayuka kwamba tumegundua jambo. Kisha nikasikia harufu. Kumbe kifuniko hakikufungwa sawasawa. Ndani, mikungu miwili ya ndizi, imefunikwa majani makavu, inaiva vizuri kabisa.

"Mama! Umevundika ndizi kwenye mtambo wangu?"

"Lina giza, lina joto, halina panya," akasema. "Ulitaka nikavundike wapi, madhabahuni?"

Nilifoka mpaka kuku wakakimbia. Ikabidi nimpigie mkuu tena kumwambia ni ndizi. Alicheka mpaka akakohoa. Mama akakaa juu ya gunia, akanimenyea moja. "Kula kwanza." Nikala kwa hasira. Ilikuwa tamu, na hilo lilinikera zaidi.

Nikatoa mikungu, nikaziba upya. Chombo kikaanza kulia tik, tik, taratibu. Mama akauliza huo mlio ni wa nini.

"Kila ukisikia hivyo, chembe moja imetoka juu, imepita bati, imepita sanduku, inaingia ardhini."

"Ardhini mpaka wapi?"

"Hata kimo cha mtu, na zaidi."

Akatazama nje, kwenye migomba, tulipomzika baba.

"Kwa hiyo baba yako zinamfikia."

"Zinamfikia, mama. Kila dakika."

Akavuta gunia karibu na sanduku, akasikiliza kwa muda mrefu.

"Kumbe una kazi, mwanangu," akasema.

Nililia palepale mbele yake.