Mtaa Alioujenga Darlene

Darlene Kubiak alijenga miji ili ichomwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu katika karakana ya kampuni ya filamu, pale Burbank: nyumba za kufika magotini, tunazipaka rangi, halafu moto unawashwa mbele ya kamera.

Mwaka ule filamu ndogo zote za kampuni zilikuwa zimetia hasara. Ilibaki hii moja kubwa ya kiangazi kuzibeba zote, na sisi juu yake. Kwa hiyo simu tuliziacha mlangoni kila asubuhi, asije mtu akapiga picha ikavuja.

Darlene alipewa mtaa mmoja. Katikati yake aliweka nyumba ya marehemu mama yake, ile iliyoteketea kwa moto wa msituni pamoja na picha zote za familia. Aliikumbuka kwa vidole: ngazi iliyopinda, chungu cha maua, dirisha la jikoni lenye taa ya manjano. Nilimtania, "Darlene, humo hata panya wana mapazia?"

Akajibu bila kuinua kichwa, "Panya wa mama walikuwa wasafi kukushinda."

Tulipoichoma hakulia. Alisema iko salama ndani ya filamu, na dada yake Rhonda, ambaye macho yake yalikuwa yakififia, angeiona tena kabla hayajazima.

Baadaye kampuni iliwaonyesha watu wachache filamu ile ili kupima maoni yao. Wakasema sehemu ya mtaa inachosha. Wakubwa wakaingiwa na hofu, wakaikata yote. Sisi hatukuambiwa.

Siku ya kwanza filamu ilipoonyeshwa ukumbini, tulikaa safu moja. Rhonda alimshika Darlene mkono, na kila nyumba ilipotokea aliuliza kama ndiyo hiyo. Bado, alijibiwa. Bado. Mpaka filamu ikaisha.

Watu wengine wakaondoka. Sisi wa kazi hii hatunyanyuki mpaka majina ya walioitengeneza filamu yaishe kupita, na la mwenzetu likipita tunalipigia makofi. La Darlene likapita, dogo, katikati ya mamia. Tukapiga.

"Jina nimelikosa, limeenda mbio," Rhonda alisema. "Lakini nyumba nadhani nimeiona, dada. Ilikuwa na taa ya manjano, sivyo?"

Darlene alimgeukia.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo ile."

Taa za ukumbi zikawaka. Rhonda aliendelea kutazama mbele, akitabasamu, na hakuna kati yetu aliyetangulia kusimama.