Alama Nilizomnyima Wakio

Mwanangu, kabla hujafunga mizigo kwenda kuanza kazi, kaa nikueleze jambo moja ambalo hata leo nikilikumbuka masikio yananipata moto. Umepata barua ya kufundisha hesabu katika kitengo cha wanafunzi wenye mahitaji maalum, na mama yako ameniomba nikupe mawaidha kwa kuwa mimi, mjomba wako, nimeifanya kazi hiyo mpaka nikastaafu. Mawaidha ninayo. Ila niliyapata kwa aibu, na siwezi kukupa moja bila nyingine.

Nilikuwa na miaka arobaini na mbili. Kwa umri sikuwa kijana, lakini kwa kazi hii nilikuwa mchanga kabisa. Nilikuwa nimefundisha shule za kawaida, kisha nikasomea elimu maalum wakati wa likizo, nikarudi na cheti nilichokitia fremu na kukitundika sebuleni kila mgeni akione. Nikapelekwa sekondari moja upande wa Sagalla yenye kitengo cha wanafunzi kumi na mmoja, wote wagumu kushika masomo, kila mmoja kwa namna yake. Kazi yangu ilikuwa kuwaingiza polepole katika aljebra. Waelewe kwamba herufi x inakaa mahali pa namba usiyoijua, na kwamba namba hiyo inaweza kutafutwa ikapatikana.

Niliwatengenezea kadi. Nilikata maboksi ya sabuni, nikapaka x kwa rangi nyekundu na namba kwa buluu, Jumamosi tatu nzima, mke wangu akinicheka. Nilizipenda kadi zile, sikufichi.

Katika darasa hilo alikuwamo Wakio, binti wa miaka kumi na saba kutoka kijiji cha Mwanda, kule mlimani. Mpole, mwenye mikono ya kazi, lakini akiona namba ubaoni macho yake yalihamia dirishani. Baba yake, mkulima, alikuwa ameniambia waziwazi siku ya kufungua shule: "Mwalimu, muhula huu ukiisha na hakuna mabadiliko kwa hesabu, mimi namchukua. Shamba iko na kazi." Wakio alikuwa amesimama papo hapo, akaniangalia mimi, si baba yake. Alitaka kubaki shuleni, na mimi nilijua.

Basi nilimshikilia. Nikapanga kadi mezani: x jumlisha sita ni sawa na kumi na tano. "Wakio, x ni ngapi?" Akasema sita. Kesho yake akasema kumi na tano. Wiki ya tano ilipita hivyo, nami nikaanza kujiambia kwamba kasoro iko kwake, maana kwenye kadi zangu kasoro haiwezi kuwapo.

Asubuhi moja, saa nne kasoro, nilikwenda jikoni kuchukua chai. Mpishi wetu alikuwa Mama Mghoi, mtu mzima kunizidi, aliyeishia darasa la saba. Unajua shida ya maji ya Sagalla. Nje ya jiko palikuwa na tangi jeusi la plastiki, huoni ndani, na Mama Mghoi ndiye aliyegawa maji ya kupikia na ya kuoga. Alikuwa amelichora mistari kwa mkaa, mstari mmoja kwa kila mtungi wa lita ishirini. Aliligonga kwa mpini wa mwiko kuanzia juu kushuka, na mlio ulipobadilika alijua maji yamefika hapo. Wanafunzi wa kitengo walikuwa wamemzunguka, na Wakio ndiye aliyeshika mwiko.

"Imefika ngapi?" Mama Mghoi akauliza.

"Ishirini na moja."

"Haya. Mitano tuliiacha jana. Punda amekuja na mkokoteni safari mbili leo, na mimi sikuwa hapa kuhesabu. Kila safari alileta mitungi mingapi?"

Wakio alitazama tangi, akatoa ile mitano kwa kidole, akagawa. "Minane," akasema. Wala hakuchukua muda.

Mwanangu, nilisimama na kikombe kitupu mkononi. Ile ilikuwa mbili x jumlisha tano ni sawa na ishirini na moja, hesabu ya muhula uliofuata, sijaigusa hata mimi! Ungetarajia nifurahi. Niliona wivu. Wivu wa kweli, kama wa kijana aliyemkuta mchumba wake akicheka na mwingine. Mimi na cheti changu, na huyu na mwiko wake. Na kilichoniuma kuliko jibu ni kwamba Wakio alikuwa akitabasamu, na darasani kwangu hajawahi.

"Mnafundishana nini hapa?" nikauliza.

"Mimi sifundishi, mwalimu," Mama Mghoi akacheka. "Nataka tu kujua kama maji itafika jioni."

Hata kicheko kile nilikichukia. Siku hiyohiyo nikatangaza kwamba wanafunzi wangu hawaendi tena jikoni wakati wa mapumziko. Nikawaambia ni kwa usalama wao, kuna moto kule. Uongo mtupu. Nikawaweka darasani na kadi, na Mama Mghoi alipopita dirishani nikapaza sauti ili asikie ninavyofundisha.

Ukafika mtihani wa mwisho wa muhula. Maswali tisa, yote ya x, kwa maandishi, hakuna tangi wala punda. Niliposahihisha karatasi ya Wakio nikakuta kando ya kila swali amechora tangi dogo lenye mistari. Majibu saba kati ya tisa yalikuwa sahihi. Nilihesabu mara mbili, na mara zote mbili nilimwona Mama Mghoi pale kwenye karatasi, sikujiona mimi popote. Nikachukua kalamu nyekundu nikampa sifuri kila swali, nikaandika chini: "Njia haikuonyeshwa." Kwenye ripoti nikaandika kwamba hajaonyesha maendeleo.

Baba yake alikuja siku ya kufunga. Akasoma ripoti, akaikunja. Wanafunzi wengine waliacha magodoro bwenini kama kawaida, lakini baba huyo la Wakio akalifunga kwa kamba nyuma ya bodaboda pamoja na sanduku. Nilikuwa nikitazama kutoka ofisini, na sikutoka.

Aliyekuja ni Mama Mghoi. Wakio alikuwa amemwachia karatasi ile. Akaiweka mezani kwangu, akaweka kidole juu ya sifuri moja.

"Mwalimu, mimi sijasoma sana, lakini hii jibu iko sawa. Sasa niambie. Hizi sifuri umepatia mtoto, ama umepatia mimi?"

Niliikunja karatasi nikaitia mfukoni. Akatoka zake bila kufunga mlango.

Kesho yake nilipanda Mwanda. Nilimkuta baba mtu shambani na jembe, Wakio akipalilia mstari wa pili. Nikamwambia nimekosea kusahihisha, naomba mtoto arudi. Kabla hajajibu, Wakio akasema, bila kunitazama: "Baba, mwalimu asisumbuliwe. Mimi hesabu siwezi. Aliandika."

Yale maneno yaliniingia, mwanangu. Niliketi pale kwenye udongo na suruali yangu ya kazini, nikaikunjua karatasi ile, nikamwomba anieleze tangi lake la kwanza, kwa kuwa mimi silielewi. Alikataa kwanza. Kisha akaeleza moja, akaeleza la pili, mpaka yote saba ya majibu sahihi, baba yake ameegemea jembe anasikiliza.

"Na hizi sifuri ni za nini?" baba yake akaniuliza.

"Nilimwonea wivu mpishi aliyemfundisha."

"Mtu mzima hivi?" akasema. Muhula ulipofunguliwa alimleta.

Mama Mghoi nilimwomba radhi, nikamwomba pia awaruhusu wanafunzi waje tena kwenye tangi, nami nije nao. Wanafunzi waliendelea vizuri. Lakini Wakio kwa mwaka mzima alikuwa akifunika karatasi kwa mkono nikipita, na kabla ya kukusanya alifuta kila tangi alilochora. Majibu aliyapata. Kuchora mbele yangu hakurudia, ingawa nilimsihi mara nyingi.

Kwa hiyo nisikilize. Wivu utakujia, usijidanganye kwamba wewe umepona kwa sababu unawapenda watoto. Utakuja siku mwanafunzi wako atakapoelewa kwa mtu mwingine, pengine mtu asiye na cheti. Siku hiyo usishike kalamu nyekundu. Kaa kando ya mtoto, mwambie akuonyeshe alivyofanya, na umtaje aliyemfundisha kwa jina mbele ya wenzake.

Nenda, mwanangu. Mungu akulinde huko, akupe wanafunzi watakaokuletea majibu ambayo hukuwafundisha wewe, na akupe moyo wa kuwapa alama zote.