Cheti cha Afya cha Mama Mdogo

Mama mdogo ndiye aliyenifundisha kupika. Nilipofungua mgahawa Nyegezi, karibu na stendi ya mabasi, nilimfuata Misungwi nikamwomba aje tusaidiane. Yeye akashika jiko, mimi nikashika wateja na makaratasi. Samaki wake aina ya sato walisifiwa, lakini kilichowarudisha watu ni kachumbari. Aliikata nyembamba sana, kisha akaichanganya kwa mkono mtupu, akidai kijiko kinaponda nyanya.

Kila baada ya miezi sita, sisi tunaoshika chakula tulitakiwa kupima afya ndipo tupewe cheti. Mimi sikuona tabu. Mama mdogo aliona aibu. Alikuwa amevuka miaka sitini, na wale wa maabara walikuwa rika la wajukuu zake.

"Nibebe choo changu kwenye kikopo, nimkabidhi mtoto kama yule?" aliniuliza. "Mwanangu, usinidhalilishe."

Tulishasikia kwamba bwana afya angepita wiki ile kukagua. Basi nikachukua vikopo viwili, nikavijaza vyote mimi mwenyewe, na kimoja nikakiandika jina lake. Majibu yakarudi safi. Nikavitundika vyeti vyetu ukutani, nikajiona nimemsitiri mzazi.

Miezi michache baadaye, dada mmoja aliyekuwa akiwakatia abiria tiketi pale stendi aliacha kuja. Alikuwa akila kwetu kila mchana. Nikasikia ana homa, anameza dawa za malaria. Walipompeleka hospitali, utumbo ulikuwa umeshatoboka. Walimpasua, akafariki siku ya tatu. Ilikuwa homa ya matumbo. Wateja wengine wawili walilazwa kwa ugonjwa huohuo, na wote walitaja mgahawa wetu.

Bwana afya alikuja asubuhi na vikopo vyake mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Leo utanisaidia, mama. Nitasubiri hapa nje."

Safari hii mama mdogo hakubisha. Siku chache baadaye bwana afya alirudi na majibu. Mama mdogo alikuwa na vijidudu vya homa ya matumbo tumboni, pengine kwa miaka, bila yeye kuumwa hata kichwa.

"Mbona cheti chake ni safi?" aliuliza, akiangalia ukutani. "Alipimwa kweli huyu mama?"

"Ni kosa langu," mama mdogo akadakia. "Nilikataa mwenyewe."

"Hapana," nikasema. "Vikopo vyote viwili vilikuwa vyangu."

Bwana afya hakunigombeza. Aliandika, akanipa nisaini, akafunga mgahawa siku ileile. Baadaye nilisimama mahakamani, nikakiri, nikaadhibiwa. Hilo nililimudu.

Kilichonishinda ni kwenda Kamanga, kwa mume wa marehemu. Nilivuka kwa kivuko nikamweleza yote, tukiwa tumesimama mlangoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anatuletea kachumbari yenu kwenye mfuko," alisema. "Watoto waliipenda."

Nikamuuliza kama watoto ni wazima.

"Wamepimwa. Wazima." Kisha akasema, "Sasa nenda, dada."

Mama mdogo alirudi Misungwi. Alimeza dawa mwezi mzima, akapimwa tena na tena, mwishowe akaambiwa amepona. Yeye haamini. Ananawa mpaka ngozi ya vidole imepasuka. Wake za wanawe wanapika, yeye anakaa mbali na jiko, na sahani yake anaiosha peke yake.

Mara ya mwisho nilipomtembelea, mjukuu wake mdogo alimletea chungwa ammenyee. Mama mdogo aliitazama ile mikono yake mwenyewe.

"Mpelekee mama yako," akamwambia.

Mtoto alisisitiza, akamwekea chungwa mapajani. Mama mdogo akaificha mikono ndani ya kitenge, akaanza kulia.