Vyura wa Anti Rispa

Nilipokuwa bado mtoto wa kulala miguuni pa bibi yangu, niliamini kwamba maji yana masikio. Kukhu, ndivyo tulivyomwita bibi, ndiye aliyenifundisha hivyo. Hakuniruhusu kutukana karibu na bwawa, wala kuruka uzi wa ndoano uliolazwa chini, wala kumnyooshea samaki kidole. Alikuwa ametoka Magharibi akiwa bibi harusi, akimfuata babu aliyepata kazi ya kuendesha trekta kwenye shamba la mzungu, upande wa chini wa Mau Narok, pale ngano inapoishia na mahindi yanapoanza. Mzungu akaondoka, shamba likagawanywa, babu akafa. Bwawa alilochimba lilibaki na samaki aliowatia humo, na Kukhu alibaki na miiko ya mto wa kwao, mto ambao mimi sijawahi kuuona hadi leo.

Samaki wa mzungu walikuwa wakubwa, wenye vinywa vipana, na walikuwa na dharau. Jumapili baada ya kanisa wanaume walikaa ukingoni na minyoo yao, wakarudi na tilapia wadogo wa kuisha kwa tonge mbili. Wale wakubwa waliruka katikati ya maji, chubwi, wakazama tena. Watu walishazoea. Walisema hao ni wa mwenyewe, na mwenyewe alikwenda nao moyoni.

Anti Rispa alikuwa mke wa baba yangu mdogo, Wafula. Alilelewa Nakuru mjini, Section 58, binti wa fundi wa reli, na alipoolewa alikuja na sanduku la nguo na mfuko wa vyuma vya marehemu baba yake: koleo, tupa, msumeno mdogo. Kukhu aliuangalia ule mfuko akauliza kama mke amekuja kuolewa au kujenga. Miaka ilikuwa imepita bila mtoto. Nyumbani kwetu jambo hilo halikusemwa kwa maneno. Lilisemwa kwa namna Kukhu alivyomsukumia kikombe cha chai.

Mimi na Anti ndio tuliokuwa tukienda kufua bwawani. Siku moja aliacha blanketi katikati ya povu, akanishika mkono ninyamaze. Chura alikuwa akikata maji kutoka kwenye matete. Maji yalifunguka chini yake, na chura hakuwepo tena.

"Umeona?" aliniuliza. "Huyu samaki hali kitu imelala. Anataka kitu inakimbia. Sasa hawa wazee wanamletea minyoo imelala hapo chini kama mgonjwa."

Wiki hiyo alikata kisigino cha patipati kuukuu, ndala ya raba, akachonga chura. Wa kwanza alielea chali, miguu juu, tukacheka hadi machozi. Wa pili alimpigilia msumari tumboni ili asimame wima, akazama kama jiwe. Wa tatu alimfungia manyoya ya shingo ya jogoo yawe miguu, na chini ya tumbo akamfungia ndoano na kumkunjia waya mwembamba, uzito kiasi tu wa kumtuliza. Huyo alikaa juu ya maji akitetema kila uzi ulipoguswa. Alijaribu pia mpini wa kijiko uliopondwa, lakini ulizunguka mno ukasokota uzi wote, akautupa.

Kuvua kwenyewe kulikuwa kupya. Uzi aliuzungusha kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Mkebe mkono wa kushoto, chura anazungushwa kwa mkono wa kulia kama kombeo, kisha anaachiliwa, na uzi unatoka kwenye mkebe ukilia. Halafu unavuta kidogo, unasimama, unavuta tena. Tulifanya mazoezi kwenye nyasi nyuma ya zizi, mahali Kukhu asipotuona. Yule mwanamke, ambaye mezani hakuinua macho, nilimwona akicheka peke yake kila chura alipotua alikotaka.

Samaki wa kwanza alikata uzi akaenda na chura. Wa pili tulimtoa. Alikuwa mrefu kama mkono wangu, na Anti alimbeba ndani ya karai chini ya nguo zilizofuliwa, kama mtu aliyeiba.

Jioni ile tulikula wote. Kukhu, ambaye tangu aondoke kwao alikuwa akililia samaki wa maana, alikula kichwa chote, akanyonya mifupa, akafunga macho.

"Wafula, mwanangu," alisema, "leo umenirudisha kwetu."

Baba mdogo aliendelea kutafuna. Nilimwangalia, kisha nikamwangalia mkewe. Anti Rispa aliweka bakuli chini.

"Mama, ni mimi nilimshika."

"Umemshika na nini?"

"Na ndoano."

Kukhu alinawa mikono polepole. Hakupaza sauti. "Kwetu mwanamke hatupi ndoano," alisema. "Ukitupa ndoano kwa maji, maji nayo inakutupia ndoano kwa tumbo. Nimekwambia mbele ya mume wako, ndio kesho asiseme hakusikia."

Anti aliendelea. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na jibu langu ni kwamba alikuwa amepata kitu kimoja katika boma lile ambacho alikiweza kuliko wote. Na sisi tuliendelea kula. Nataka hilo lieleweke. Kila samaki aliyeletwa aliliwa, na Kukhu hakuwahi kukataa kipande chake. Alikipokea tu bila kusema asante.

Hakuna aliyejua kwamba Anti alikuwa mjamzito, labda hata yeye mwenyewe mwanzoni. Alipojua alimwambia mumewe, na mumewe akamwambia Kukhu, na kwa siku chache kikombe cha chai kilipewa Anti kwa mikono miwili. Kisha asubuhi moja ya baridi kali, ukungu umeshuka hadi mlangoni, nilisikia mlio kutoka nyumba yao. Mama yangu alinisukuma nje niende kwa jirani. Niliporudi Anti alikuwa amelala kaangalia ukuta, na shuka zilikuwa zimelowekwa kwenye karai lile la nguo.

Kukhu alisimama mlangoni pa Anti. "Nilisema," akasema. Neno moja.

Kisha akatafuta vyura. Alijua walipofichwa, chini ya ule mfuko wa vyuma. Aliwatupa motoni mmoja mmoja, na moshi mweusi wa raba iliyoungua ukajaa jikoni hadi tukakohoa. Anti aliyasikia yote kutoka kitandani. Wafula alikuwa ameketi nje akichonga kijiti. Nilingoja aseme jambo. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua kwamba hapo mwanamume anapaswa kusema jambo.

Kabla mwezi haujaisha Anti alipelekwa kwao Nakuru, akapumzike. Alinishika shavu, akaniambia nisome kwa bidii. Hakuna aliyekwenda kumchukua. Mwaka uliofuata Wafula alioa mke mwingine, na Jumapili moja nilimkuta ukingoni na mkebe mkononi, akizungusha chura wa patipati juu ya kichwa chake. Kumbe mmoja alikuwa amemweka kando kabla ya ule moto. Wanaume walimzunguka wakiuliza anavyochongwa, naye aliwaonyesha, mahali pa waya, namna ya kufunga manyoya. Kijiji kizima kilijifunza. Mpaka leo wanamwita chura wa Wafula.

Nilipokuwa mtu mzima nilipita Section 58 kumtafuta Anti. Nyumba ya mama yake ilikuwa na wapangaji wengine, na hawakujua jina hilo.

Mimi nami mimba yangu ya kwanza ilitoka. Sijawahi kushika ndoano maishani mwangu. Daktari alisema hutokea, mara nyingi bila sababu inayojulikana, na akanituma nyumbani. Nilikwenda kupumzika kwa Kukhu, ambaye sasa ni mzee sana na hutembea akishika ukuta. Alinipikia uji wa wimbi, akakaa kitandani karibu nami, akanisugua mgongo.

"Ni mpango wa Mungu, mjukuu wangu," aliniambia. "Usijilaumu. Hakuna kitu ulifanya."

Nilimuuliza, "Na Anti Rispa, alifanya nini?"

Mkono wake ulisimama mgongoni mwangu. Ulikaa hapo muda mrefu, mzito na wenye joto.

"Yule alikuwa mtoto wa watu," alisema, kisha akaendelea kunisugua.

Niliunywa uji wake kwa sababu nilikuwa na njaa, na kwa sababu alikuwa ameupika kwa upendo, upendo wa kweli kabisa. Hilo ndilo ambalo hadi sasa halinishuki kooni.